Mwamba Ngoma na Ngozi Yake

Mwamba ngoma, wasema wahenga, ngozi huivutia kwake. Ni methali ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo mapema, aghalabu katika orodha ya methali zinazokemea ubinafsi, na akishaandika maana yake ya ndani huendelea na nyingine. Ni nadra mtu kuuliza swali la nje, lile la fundi: ngozi ikishavutwa upande mmoja, ngoma yenyewe hulia vipi? Kijana anayesimuliwa hapa naye hakuwa ameliuliza, hadi muhula wa pili wa mwaka wake wa pili chuoni, alipokabidhiwa ngoma tano, ufunguo mmoja na muda wa majuma matano.

Alikuwa akisomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Katika kikundi cha nyimbo cha wanafunzi Wakristo alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu, asiye na makuu, mpaka mpigaji ngoma wa kikundi alipohitimu na kuondoka. Wenzake walimgeukia yeye kwa sababu moja tu: kwao ni Idakho, Kaunti ya Kakamega, nyumbani kwa isukuti. "Wewe ngoma umezaliwa nayo," mwenyekiti alimwambia. Dhana hii imeenea mno, kwamba ngoma hurithiwa pamoja na jina la ukoo, na huwasahaulisha watu kwamba aliyezaliwa kando ya mto anaweza kuzeeka bila kujua kuogelea. Kijana huyu alikuwa ameicheza isukuti kwa miguu na mabega tangu utotoni, matangani na arusini. Kuipiga hakuwahi, sembuse kuiwamba.

Ngoma alizokabidhiwa zilikuwa za mtindo wa kimagharibi, seti iliyotolewa kama msaada miaka mingi kabla yake kujiunga na chuo. Kulikuwa na ngoma kubwa ipigwayo kwa kikanyagio cha mguu, ambayo wanakikundi waliiita besi, ngoma bapa yenye nyuzi za chuma zilizolazwa chini ya tumbo lake, iitwayo sneya, tomu tatu, mbili zikiwa zimepachikwa juu ya besi na ya tatu ikisimama sakafuni kwa miguu yake, na matoazi. Besi ilitoa kishindo cha katoni ya vitabu iliyoanguka. Tomu ya sakafuni ilikuwa na mtetemo mrefu uliopanda na kushuka, kama mtu anayelia na kucheka kwa pamoja. Sneya ilikoroma hata isipoguswa. Kamati ilikuwa imekwisha kuamua: baada ya ibada ya kufunga muhula, seti ingeuzwa kwa bei yoyote itakayopatikana, na tangu hapo mdundo ungetoka katika kinanda cha umeme, ambacho kimebeba ngoma zake ndani kwa ndani. Mhasibu alieleza faida ya kinanda kwa maneno machache: hakihitaji mtu.

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa kijana moyoni. Hakuwa na mapenzi makubwa na seti ile kuukuu, lakini kule kusikia mtu akihesabiwa kuwa hasara kulimtia ukaidi. Akaomba apewe hadi siku ya ibada yenyewe azirudishe ngoma katika hali ya kusikilizika. Akaruhusiwa, kwa shingo upande.

Ni kejeli ya historia kwamba seti hiyo nayo ilizaliwa kutokana na nia iyo hiyo ya kupunguza watu. Katika bendi za Marekani za karne ya 19 ilikuwa kawaida besi iwe na mtu wake na sneya iwe na mtu wake. William F. Ludwig na nduguye Theobald walianzisha biashara yao jijini Chicago mwaka wa 1909 kwa kutengeneza kikanyagio chepesi cha besi, na kifaa cha namna hiyo kilimwezesha mpigaji mmoja, akiwa ameketi, kufanya kazi ya wawili au watatu. Isukuti haikukubali hesabu hiyo. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, ambazo aghalabu huelezwa kama baba, mama na mtoto, na kila moja ina mtu wake. Pengine hiyo ni mojawapo ya sababu zinazoifanya kuwa vigumu kuidumisha: mwaka wa 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura.

Karibu na lango la chuo kulikuwa na kibanda cha mzee mmoja aliyetengeneza redio na spika. Huyo alikuwa amepiga ngoma katika bendi za hoteli jijini Nairobi enzi za ujana wake. Kijana alimwendea, akamwomba aje azitazame. Mzee alikuja jioni, akazipiga moja moja kwa ncha ya kidole, hakuketi.

"Zimekufa, mzee?"

"Ngoma haifi, kijana. Huvutwa vibaya tu."

Kijana alitarajia kwamba kazi ingeanza kwa kukaza. Mzee aliagiza kinyume chake: kila skrubu ilegezwe, pete za chuma ziondolewe, ngozi zote, za juu na za chini, zivuliwe. Hizo "ngozi" hazikuwa ngozi, bila shaka. Tangu katikati ya miaka ya 1950, utando wa plastiki ulipobuniwa kule Marekani kuchukua nafasi ya ngozi ya ndama, seti nyingi za ngoma duniani huvishwa plastiki. Hata hivyo wapigaji wetu wameendelea kuita ngozi, na si vibaya. Chini ya ngozi hizo kulikuwa na vumbi la miaka. Kingo za mbao, pale ngozi inapokaa, zilipanguswa kwa kitambaa kikavu. Skrubu zilizoota kutu zilipakwa mafuta kidogo. Jioni nzima ilipita bila ngoma hata moja kulia.

Siku ya pili walianza na tomu ndogo, iliyo na skrubu 6. Ufunguo wa ngoma ni kifaa kidogo chenye umbo la herufi T na tundu la mraba, kinachoenea kiganjani. Kwanza kila skrubu huzungushwa kwa vidole tu hadi igome. Kisha ndipo ufunguo huingia, nusu mzunguko kwa kila skrubu. Kijana alishika iliyokuwa karibu na goti lake, akaikaza, akahamia kwa jirani yake, kisha kwa jirani wa jirani.

"Unaivutia kwako," mzee alisema.

Aliyasema hayo kama fundi, bila kukusudia fumbo lolote, na pengine bila kukumbuka kwamba maneno hayo yamo katika vitabu vya shule. Kijana aliuacha ufunguo ukining'inia. Ngozi, mbele ya macho yake, ilikuwa imelala upande: karibu na goti imekakamaa, upande wa pili ina mkunjo. "Nenda ng'ambo," mzee alimwelekeza. Ukikaza hapa, inayofuata ni ile inayotazamana nayo. Kisha unasogea hatua moja na kuvuka tena. Njia ya ufunguo huchora nyota juu ya ngoma. Anayezunguka duara kwa mfuatano huivuta ngozi upande wake wa kuanzia, na akija kugundua huwa imekwisha kukaa hivyo.

Sababu ya jambo hili iko katika fizikia, na haina budi kuelezwa kidogo. Uzi wa gitaa ukipigwa hutoa sauti ya msingi pamoja na sauti nyingine za juu ambazo ni mara 2, mara 3, mara 4 ya ile ya msingi, nazo husikilizana vizuri. Utando wa duara hauna adabu hiyo. Sauti zake za juu huangukia takriban mara 1.59, mara 2.14, mara 2.30 ya ile ya msingi, na ndiyo maana ngoma nyingi hutoa kishindo chenye kimo badala ya noti safi kama ya zumari. Ngozi ikiwa na mkazo sawa pande zote, sauti hizo hutulia kila moja mahali pake. Mkazo ukizidi upande mmoja, baadhi yake hupasuka zikawa mbili zilizokaribiana mno, na sikio huzisikia zikigombana: zinapanda, zinashuka. Kile kilio-kicheko cha tomu ya sakafuni kilikuwa ugomvi huo.

Kwa hiyo kazi ya anayejifunza si kutafuta noti, angalau si mwanzoni. Kazi yake ni kusikiliza kama mahali pawili panasema jambo moja. Kijana alifundishwa kuilaza ngoma juu ya blanketi ili ngozi ya chini inyamaze, kugusa katikati ya ngozi ya juu kwa kidole kimoja bila kuibana, kisha kugonga kwa kucha karibu na kila skrubu, kama sentimita 3 kutoka ukingoni. Hapa hulia "ti". Ng'ambo hulia "ti" iliyo chini kidogo. Robo ya mzunguko. Tena. Siku ya kwanza ya zoezi hilo hakusikia tofauti yoyote. Zote zilikuwa "ti". Siku ya tatu alizisikia tofauti nyingi kuliko alivyoweza kurekebisha, na hiyo, mzee alimwambia, ndiyo siku ambayo wengi huacha.

Usiku, badala ya kusoma kazi ya fonolojia iliyokuwa ikimngoja, alikuwa akiandika maneno daftarini. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachotumika kwa gitaa, kwa redio, kwa injini ya gari na kwa ngoma. Kiswahili hutazama kitendo chenyewe: gitaa hukazwa nyuzi, redio hutafutiwa stesheni, ngoma huwambwa. Kukaza hakumtoshelezi mwenye ngoma, kwani nusu ya kazi ni kulegeza. Kuwamba ndilo neno lenyewe, na lina ukoo mpana. Kitanda cha kamba huwambwa, na aliyewahi kulalia kitanda kilichowambwa vibaya anajua kwamba humtupa mtu upande mmoja. Kutokana na kitenzi hicho tunapata kiwambo, na wataalamu walipotafuta jina la kile kitando chembamba kilichomo ndani ya sikio, waliliita kiwambo cha sikio. Kijana aliliandika hilo na kulipigia mstari. Alikuwa akikilinganisha kiwambo kimoja kwa kutumia kingine, ambacho hakina skrubu.

Neno kulinganisha nalo alilipa ukurasa wake. Katika masomo ya fasihi alilizoea kwa maana ya kuweka kazi mbili bega kwa bega na kuonyesha zinapofanana na zinapotofautiana. Hapa maana zake mbili zilikutana: kupima kitu kwa kingine, na kukifanya kiwe sawa na kingine. Kama pana neno la Kiswahili linaloeleza kile ambacho ufunguo ule hufanya, ni hilo. Na lina faida ya kutaja sikio kabla ya mkono, jambo ambalo kukaza hakulifanyi.

Katikati ya majuma hayo palitokea msiba kijijini, jirani wa karibu, na kijana akaenda nyumbani kwa siku mbili. Mjomba wake ni mpigaji wa isukuti kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ngozi, ambayo ni ya kenge, ilikuwa imenywa unyevu na kulegea hata ikawa inatoa sauti ya mlango uliofungwa. Isukuti haina skrubu. Mjomba aliibeba hadi kwenye moto uliokuwa nyuma ya nyumba na kuishika kwa umbali, huku akiizungusha polepole bila kusita, kama mtu anayechoma hindi. Kila baada ya muda aliiondoa, akaigonga kwa kidole kuzunguka ukingo, akasikiliza, akairudisha.

Kijana alikuwa ameliona hilo mara nyingi mno hata akawa haliangalii. Safari hii aliuliza kwa nini hakuiacha tu moto uifanyie kazi.

"Ukiiacha upande mmoja, mwana wa dada, itakusengenya mbele ya watu."

Kijana alimweleza habari za plastiki, kwamba haisharabu maji, na kwamba hata mvua ikinyesha juma zima haibadiliki sana. Mjomba alisikiliza kwa makini. Kisha akauliza: "Basi mwajuaje kwamba imechoka?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Ngozi ya mnyama humlazimu mpigaji kuisikiliza kila siku, kwa sababu kila siku ni nyingine. Plastiki huvumilia kutosikilizwa. Seti ya chuoni ilikuwa imefikia hali ile pasipo mtu kufanya kosa lolote kubwa. Ilizoroka taratibu, skrubu baada ya skrubu, na masikio yakazoroka pamoja nayo, hata kikundi kizima kikaamini kwamba ngoma hulia hivyo. Aliporudi, kijana alikagua ngozi ya tomu ya sakafuni kwenye mwanga wa dirisha. Katikati ilikuwa na vishimo vya fimbo, na pembeni imejipinda kwa kuvutwa upande mmoja kwa miaka. Hiyo haikuwa ya kulinganishwa tena. Alichanga na wanakikundi wawili, wakanunua mpya.

Sneya ndiyo iliyomtia hofu kuliko zote. Ngozi yake ya chini ni nyembamba ajabu, yapata sehemu 8 za mia za milimita, na juu yake hulala zile nyuzi za chuma. Nayo hutakiwa kukazwa sana, kuliko mkono wa mwanagenzi unavyothubutu. Skrubu ni 10, na kila robo ya mzunguko ilimfanya afumbe macho akisubiri ipasuke. Haikupasuka. Nyuzi ziliporudishwa na kubanwa kwa kadiri, mkoromo ukakoma na sauti ikawa kavu na fupi, kama mchele ukimwagwa kwenye ungo.

Ndipo walipotofautiana na mzee. Kijana, aliyelelewa katika kwaya za so-fa, alitaka tomu tatu zipangwe so, mi, do, kutoka ndogo hadi ya sakafuni. Alikuwa na hoja. Ngoma zinaweza kuimba, na katika eneo letu ziliimba zamani: katika kasri la Kabaka wa Buganda palikuwa na entenga, ngoma 15 ambazo 12 kati yake zilipangwa kwa ngazi ya toni tano na kupiga nyimbo kamili, kabla ya kasri hilo kushambuliwa mwaka wa 1966 na wapigaji wake kutawanyika. Mzee hakubisha habari za Buganda. Alisema tu kwamba kila ngoma ina kimo ambapo tumbo lake huitikia, na kwamba ukiilazimisha so ilhali yenyewe inataka kitu kingine, utapata so isiyo na pumzi. Kwa hakika wote wawili walikuwa na haki. Tomu ndogo ilikubali so bila shida, ya kati ikakubali mi. Ya sakafuni ilipofikishwa do ikapwaya, na iliposogezwa juu kidogo ikanguruma vizuri na kuacha kuwa do. Wakaiacha hapo.

Likatokea jingine. Kila tomu ya kati ilipopigwa, sneya ilitetemeka yenyewe, ikijibu swali ambalo haikuulizwa. Ngoma mbili zikikaribiana kimo huamshana. Hakuna skrubu iliyolegea, hakuna ubovu. Ilibidi moja isogezwe. Ikasogezwa mi, na mpango wa so-fa ukaisha hivyo, jambo ambalo mzee alilipokea kwa staha, bila kutabasamu sana.

Siku ya ibada ukumbi ulijaa. Ni ukumbi wenye paa la mabati na sakafu ya saruji, na watu mia kadhaa waliovaa nguo nzito za msimu wa mvua wakiwemo, ngoma hazikulia kama zilivyolia ukumbi ukiwa mtupu. Zilipoteza ukali fulani, na besi ikatulia. Hakuna aliyesema lolote kuhusu ngoma. Watu waliimba, na walipoimba walisikilizana, jambo ambalo kwa mihula kadhaa lilikuwa likiwashinda bila wao kujua sababu. Mhasibu alikuwa ameketi safu ya tatu.

Katika wimbo wa nne sneya ilibadilika. Ilikuwa tofauti ndogo, mlio mmoja uliochelewa kukatika. Fimbo ikigonga ukingo mara kwa mara huilegeza skrubu iliyo karibu na mkono wa mpigaji, na kijana alijua ni ipi kabla ya kuitazama. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati lake. Ubeti wa tatu wa wimbo huo huimbwa na sauti za kike pekee, bila ala. Aliinama, akaupachika ufunguo, akazungusha robo, akagonga kwa ukucha karibu na skrubu hiyo, kisha ng'ambo yake, polepole chini ya sauti za waimbaji. Akaongeza kidogo zaidi. Mstari wa mwisho wa ubeti ulimkuta akiwa na fimbo zote mbili mkononi.

Suala la kuuza seti lilisogezwa hadi muhula uliofuata. Mhasibu alitaka kwanza kujua ngozi mpya ya sneya ingegharimu pesa ngapi, na kama inapatikana hapa mjini au ni lazima mtu aende Nairobi.